Bawaba ya taya ilifikaje sikioni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Nilipokuwa nikijiandaa kufundisha asili ya mamalia, nilikutana na maelezo kwamba vifupa viwili kati ya vitatu vya sikio letu la kati vilikuwa zamani bawaba ya taya la wanyama waliotutangulia. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: siku bawaba ilipohamia sikioni, mnyama huyo alitafuna kwa kutumia nini? Sikuwa na jibu. Je, jambo hili limethibitishwa kweli, na liliwezekanaje bila mnyama kufa njaa?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali lilelile ambalo wataalamu wa anatomia walihangaika nalo kwa zaidi ya karne moja, na nakuomba umwambie hivyo, maana anastahili kujua. Jibu fupi ni kwamba siku hiyo haikuwapo. Kwa mamilioni ya miaka waliishi wanyama wenye bawaba mbili kila upande wa taya, ya zamani na mpya, zikiwa zimekaa sambamba na kufanya kazi pamoja. Mifupa yao imepatikana, imepimwa, na imehifadhiwa katika makumbusho. Mlango wenye bawaba mbili ukiondolewa moja hauanguki, mradi ile iliyobaki ina nguvu ya kuubeba. Lakini jibu hilo halina uzito mpaka mtu aone limetoka wapi, kwa hiyo niruhusu nilieleze taratibu.

Tuanzie jikoni. Chukua kichwa cha kuku na kichwa cha mbuzi, uvichemshe mpaka nyama iachie kwenye mfupa. Ukilitoa taya la chini la mbuzi, kila upande utapata mfupa mmoja tu, wenye meno, ambao kwa nyuma unapanda juu na kuishia kwenye kifundo kinachokaa moja kwa moja kwenye fuvu. Mfupa huo huitwa dentari. Taya la chini la kuku ni tofauti: limejengwa kwa mifupa kadhaa iliyoungana, na mwisho wake wa nyuma haukutani na fuvu lenyewe, bali unakaa juu ya mfupa mdogo wenye pembepembe, unaochezacheza, ambao mara nyingi hutoka peke yake na kubaki mkononi. Mfupa huo ni kwadrati, na sehemu ya taya inayokutana nao huitwa artikulari. Mjusi, kenge, nyoka na mamba wote wana bawaba hiyo hiyo ya kwadrati na artikulari.

Sasa tazama sikio. Kuku na mjusi wana kifupa kimoja tu kinachopitisha sauti kutoka kwenye kiwambo cha sikio hadi sikio la ndani. Mbuzi, kama wewe na mimi, ana vitatu: nyundo iliyoshikamana na kiwambo, fuawe iliyo katikati, na kikuku kinachogusa sikio la ndani. Wanafunzi wangu walipopasua kwa mara ya kwanza kifuko cha sikio la mbuzi, vifupa vyote vitatu vilitosha juu ya ukucha wa kidole gumba cha mmoja wao, na chumba kizima kikanyamaza kuvitazama. Fanya hesabu basi: ukimlinganisha na kuku, mbuzi amepungukiwa mifupa miwili kwenye bawaba ya taya, na amezidi vifupa viwili sikioni.

Hesabu peke yake si ushahidi. Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye viinitete. Mwaka 1837 mwanaanatomia Mjerumani Karl Reichert, akichunguza hasa viinitete vya nguruwe, aliufuatilia mhimili wa gegedu unaojitokeza mapema katika taya la chini, ule ambao hadi leo unaitwa gegedu ya Meckel kwa jina la mtaalamu aliyeueleza kabla yake. Aliona kwamba ncha ya nyuma ya gegedu hiyo, mahali ambapo mjusi hujenga artikulari, ndiyo inayogeuka kuwa nyundo katika nguruwe, na kwamba kipande kinachokutana nayo, ambacho katika mjusi kingekuwa kwadrati, hugeuka kuwa fuawe. Kumbuka mwaka huo. Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, miaka 22 baadaye, kwa hiyo Reichert hakuwa akitafuta hoja ya kuunga mkono mageuko. Alikuwa akieleza alichokiona kwenye darubini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani mwenzake Ernst Gaupp aliitengeneza hoja hiyo kwa ukamilifu zaidi, na ndiyo maana katika vitabu utaikuta ikitajwa kwa majina ya wote wawili.

Wewe na mimi tulipitia njia hiyo hiyo tumboni mwa mama zetu. Nyundo ya mtoto huanza ikiwa ncha ya gegedu ya taya, kisha sehemu ya katikati ya gegedu hutoweka na nyundo hubaki peke yake sikioni. Haitoweki yote. Hubaki kano nyembamba inayoshuka kutoka chini ya fuvu hadi uso wa ndani wa taya, karibu kabisa na mahali ambapo daktari wa meno huchoma sindano ya ganzi anapotaka kung'oa gego la chini. Na kano nyingine fupi huishikilia nyundo kwa mbele. Hizo mbili ni mabaki ya kamba iliyokuwa ikiunganisha sikio na taya.

Neva zinasema jambo hilo hilo, na kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwa darasa, kwa sababu hauhitaji kuamini kisukuku chochote. Kuna msuli mdogo unaoivuta nyundo ili kupunguza mtikisiko wa kiwambo. Msuli huo uko ndani ya sikio, lakini hupokea amri kutoka kwenye tawi la taya la neva ya tano ya kichwa, neva ile ile inayoiamrisha misuli ya kutafuna. Msuli wa kikuku, ambao uko milimita chache tu kutoka hapo, hupokea amri kutoka neva ya saba, neva ya uso. Kwa nini vifupa jirani vihudumiwe na neva mbili tofauti? Kwa sababu vina asili mbili tofauti: kikuku ni kifupa cha kale cha kusikia, ndicho kile kimoja alichonacho mjusi, na nyundo na fuawe ni wageni waliotoka kwenye taya, kila mmoja akaja na neva yake. Tena kuna uzi wa neva unaochukua ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi, ambao badala ya kwenda moja kwa moja kwenye ubongo hupita nyuma ya kiwambo cha sikio, katikati ya nyundo na fuawe. Wapasuaji wa masikio wanaufahamu vizuri, kwa sababu ukiguswa wakati wa upasuaji mgonjwa anaweza kulalamika kwa siku kadhaa kwamba anasikia ladha ya chuma mdomoni. Neva ya ulimi haina sababu ya kupita sikioni, isipokuwa kama vifupa hivyo vilikuwa mwanzoni kwenye mwisho wa taya, ambapo neva ya ulimi ina haki ya kupita.

Kabla ya kufika kwenye visukuku, nirekebishe jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule hulisema kwa haraka: kwamba mamalia walitokana na reptilia. Hatukutokana na mjusi wala mamba, wala jamii yao. Zaidi ya miaka milioni 310 iliyopita, wanyama wa kwanza waliotaga mayai nchi kavu waligawanyika koo mbili. Mmoja ulizaa mijusi, nyoka, kobe, mamba, dinosauri na ndege. Mwingine, unaoitwa sinapsidi, ndio wetu, na unatambulika kwa tundu moja katika fuvu nyuma ya jicho, mahali ambapo misuli ya taya ilipata nafasi ya kuvimba. Tundu hilo bado tunalo: weka vidole kwenye panja, uuma meno, na msuli utakaousikia ukicheza unapita ndani ya nafasi hiyo. Dimetrodon, yule mnyama mwenye tanga mgongoni ambaye watoto humchanganya na dinosauri, alikuwa wa ukoo huu wa pili, kwa hiyo yuko karibu zaidi na mbuzi kuliko na mamba. Taya lake, hata hivyo, lilikuwa bado la kizamani: dentari mbele, mifupa mingine kadhaa nyuma yake, na bawaba ya kwadrati na artikulari.

Hatua zilizofuata zimeandikwa katika miamba ya kusini mwa Afrika, na sehemu yake iko kwetu. Katika bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, kati ya Songea na Ziwa Nyasa, kuna matabaka ya mawe ya vipindi vya Permiani na Triasiki (kati ya miaka milioni 300 na 200 hivi iliyopita) yaliyojaa mifupa ya therapsidi, yaani sinapsidi waliomfuata Dimetrodon. Mjiolojia G. M. Stockley alieleza uwepo wake mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1933 F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuja kukusanya. Miongoni mwa masalia ya eneo hilo, kutoka matabaka yaitwayo Manda, yamo ya sinodonti, kundi la therapsidi ambalo mamalia wametoka ndani yake. Mwaka 1955 mtaalamu kutoka Afrika Kusini, A. W. Crompton, alimweleza mmoja wao na kumpa jina Cricodon metabolus. Ninalitaja jina hilo kwa makusudi, kwa sababu wanafunzi wetu hujifunza asili ya mamalia kana kwamba ni habari ya mbali, ilhali meno na mataya yanayoisimulia yalichimbwa mkoani Ruvuma.

Ukiwapanga therapsidi na sinodonti kwa umri wao, unaona taya likibadilika mbele ya macho yako. Dentari inakua kuelekea nyuma na juu, ikitoa bawa pana ambapo misuli mikubwa ya kutafuna inajishikiza. Mifupa ya nyuma yake inapungua, kutoka nusu ya taya hadi kuwa kifimbo chembamba kilicholala ndani ya mfereji kwenye uso wa ndani wa dentari. Katika Thrinaxodon, sinodonti mdogo wa mwanzo wa Triasiki aliyepatikana Afrika Kusini na hata Antaktika, kazi hiyo imefika mbali, na tayari ana kaakaa gumu linalotenganisha njia ya hewa na njia ya chakula, meno yaliyogawanyika kuwa ya mbele, chonge na magego, na mbavu zilizopungua sehemu ya kiuno. Katika Probainognathus wa Argentina, aliyeelezwa mwaka 1970, taya la chini limesogea nyuma kiasi cha kukaribia mfupa wa fuvu uitwao skwamosali, ule ule ambao taya la mbuzi wako linakaa juu yake leo.

Kisha linakuja jibu la mwanafunzi wako. Mwaka 1958 Crompton huyo huyo alieleza kisukuku kutoka Afrika Kusini chenye bawaba ya zamani ya kwadrati na artikulari, na pembeni yake dentari ikiwa imeifikia skwamosali. Akamwita Diarthrognathus, maana yake taya lenye viungo viwili. Wakati huo mnyama mwingine alikuwa amekwisha kupatikana katika nyufa za mawe ya chokaa kusini mwa Wales: Morganucodon, aliyepewa jina na Walter Kühne mwaka 1949, na baadaye akaonekana Uchina pia. Aliishi miaka ipatayo milioni 205 iliyopita, ukubwa wake kama kirukanjia, na amepatikana kwa vipande vingi sana hivi kwamba taya lake limechunguzwa kila pembe. Dentari yake ina kifundo kamili kinachoingia kwenye kikombe cha skwamosali, kama cha mbuzi. Upande wa ndani, sentimita moja haifiki, bawaba ya zamani ipo bado, nyembamba, ikiwa imekaa ndani ya mfereji wake. (Parrington aliyekuja Ruhuhu ndiye aliyeeleza, mwaka 1941, meno ya jamaa wa karibu wa Morganucodon kutoka Somerset, Uingereza; ni watu wachache walioshika mnyororo huu katika ncha zake zote mbili.)

Swali linalofuata kwa haki ni hili: kwa nini bawaba iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ipunguzwe? Mambo mawili yanaungana hapa. La kwanza ni misuli. Kadiri misuli ya kutafuna ilivyogawanyika na kuvuta kwa pembe tofauti, ndivyo nguvu ya kuuma ilivyoelekezwa kwenye meno na mzigo kwenye bawaba ukapungua, na mifupa isiyobebeshwa mzigo mkubwa inaweza kuwa midogo bila madhara. Utafiti wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2018 uliongeza kwamba kupungua kwa mwili wenyewe kulichangia sana: mnyama mdogo wa ukubwa wa kirukanjia huweka mkazo mdogo mno kwenye bawaba yake, kwa hiyo anaweza kuuma kwa nguvu ya kutosha wadudu huku mifupa ya nyuma ikiwa kama vijiti.

La pili ndilo watu wengi hulikosa, nami nalipa uzito mkubwa. Mifupa hiyo ya nyuma ilikuwa inasikia tangu ilipokuwa ingali taya. Katika sinapsidi wa kale kikuku tayari kilikuwa kimeegemea kwadrati, kwa hiyo mtikisiko wowote uliofika kwenye mwisho wa taya ulikuwa na njia ya kwenda sikio la ndani. Mwaka 1975 Edgar Allin alitoa hoja kwamba mfupa mwingine wa taya, angulari, wenye bamba jembamba lililojikunja, ulikuwa umeshikilia ngozi iliyopokea sauti. Na angulari hiyo ndiyo leo inayounda pete inayokikaza kiwambo chako cha sikio. Kwa hiyo mifupa ile ilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Kila ilivyopungua uzito, ilitikisika kwa urahisi zaidi kwa sauti nyembamba, na mnyama mdogo anayewinda wadudu usiku alipata faida kutokana na kila hatua. Hakuna kizazi kilicholazimika kupoteza kutafuna ili kizazi kijacho kipate kusikia.

Kuachana kabisa kwa sikio na taya kulikuja baadaye, tena inaelekea kulitokea zaidi ya mara moja. Mwaka 2001 Crompton, akiwa pamoja na Zhe-Xi Luo na Ai-Lin Sun, alieleza Hadrocodium kutoka Yunnan, Uchina, wa miaka milioni 195 hivi, mwenye fuvu la milimita 12 na uzito uliokadiriwa kuwa gramu 2, ambaye dentari yake haina tena ule mfereji uliobeba mifupa ya nyuma. Lakini mwaka 2011 Liaoconodon, pia wa Uchina, alionyesha hali ya kati katika kipindi cha karibu zaidi cha Kretasia: vifupa vya sikio vimeshaachia bawaba, lakini bado vimeshikiliwa kwenye taya na gegedu ya Meckel iliyogeuka mfupa, kama mti mchanga uliofungwa kwenye fito. Na mwaka 2005 taya la Teinolophos wa Australia, jamaa wa kale wa platipasi (mamalia anayetaga mayai), lilitafsiriwa kuwa na alama za mifupa ya nyuma iliyokuwa haijaachana nalo. Ikiwa tafsiri hiyo ni sahihi, basi ukoo wa platipasi ulitenganisha sikio na taya kwa njia yake wenyewe, baada ya kuachana na ukoo wetu.

Hata leo unaweza kuona hatua hiyo kwa mnyama aliye hai. Mtoto wa oposamu, jamaa wa kangaruu anayeishi mabara ya Amerika, huzaliwa akiwa mchanga mno, kabla bawaba yake ya dentari na skwamosali haijajengeka. Nyundo na fuawe zake bado zimeungana na taya kwa gegedu, kama zilivyokuwa kwa Morganucodon waliokomaa, na huachana katika wiki zinazofuata huku akinyonya. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba seli maalumu zinazokula gegedu ndizo zinazoikata kamba hiyo kwa oposamu na panya. Panya waliokosa seli hizo walibaki na nyundo iliyoshikamana na taya. Kunyonya huko kunahusika pia na meno: mtoto anayelishwa maziwa hahitaji meno mapema, anaweza kusubiri taya likue, kisha akaota seti mbili tu maishani, zinazokutana kwa usahihi unaomwezesha kutafuna badala ya kumeza.

Kuhusu mpaka wa jina mamalia, wataalamu hawaafikiani. Wapo wanaouweka kwenye bawaba mpya, na kwa kipimo hicho Morganucodon anaingia. Wapo wanaolihifadhi jina kwa uzao wa babu wa pamoja wa platipasi, kangaruu na sisi tu, na kwa kipimo hicho anabaki nje kidogo. Mimi hufundisha kipimo cha bawaba katika mihula ya mwanzo, kwa sababu mwanafunzi anaweza kukiona kwa macho yake.

Darasani kwako ningeanza na kichwa cha kuku, kwa kuwa kwadrati yake hutoka bila kifaa chochote. Kifuko cha sikio la mbuzi ni kigumu na kinahitaji koleo na miwani ya kujikinga, kwa hiyo kipasue mwenyewe mbele yao. Kisha mchoree aliyeuliza taya la Morganucodon likitazamwa kwa nyuma, bawaba mpya kwa nje na ya zamani kwa ndani, na uhakikishe umeziweka katika mstari mmoja ulionyooka kutoka upande hadi upande. Zisingekuwa katika mstari mmoja taya lingekwama, na ukiuchora vizuri mstari huo ataona mwenyewe kwa nini ya ndani iliweza kulegea polepole huku ya nje ikiendelea kufungua na kufunga.